Kuku wa dola 4.99 na wiski isiyo na jina: Nani hulipia unafuu wa Costco?

MWISHONI mwa Novemba 2025, kampuni ya Costco, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa rejareja duniani, iliishitaki Serikali ya Marekani katika Mahakama ya Biashara ya Kimataifa jijini New York. Ilidai irejeshewe ushuru iliotozwa mwaka huo kwa bidhaa ilizoagiza kutoka nje.

Kesi hiyo iliwakumbusha wanunuzi jambo wanalolisahau kwa urahisi wanaposukuma toroli: bei nafuu haidondoki kutoka mbinguni. Kuna mahali inapotengenezwa, na kuna mtu anayeigharimia.

Wakati kesi ikifunguliwa, kuku mzima wa kuchoma katika maghala ya kampuni hiyo nchini Marekani alikuwa bado anauzwa dola 4.99, bei iliyokuwa haijaguswa tangu mwaka 2009. Soseji ndani ya mkate pamoja na soda vilikuwa dola 1.50, bei ileile ya mwaka 1985. Laiti bei hiyo ingefuata mfumuko wa bei, ingekuwa imepita dola 4.

Na nyuma kidogo ya kuku, katika majimbo yanayoruhusu, kulikuwa na chupa za wiski zenye ujazo wa lita 1.75 na jina la Kirkland Signature, zikiuzwa kwa bei ambayo chupa ndogo yenye jina maarufu haiwezi kuifikia. Swali linaloulizwa kila mara na wanaoingia humo kwa mara ya kwanza ni moja: wanauzaje namna hii na bado wanapata faida?

Jibu linaanzia San Diego, California, mwaka 1976. Mfanyabiashara Sol Price na mwanawe Robert walichukua jengo lililowahi kuwa la ndege, wakaligeuza kuwa ghala la kuuzia bidhaa, wakaliita Price Club. Wateja wa awali walikuwa wafanyabiashara wadogo, na kila mmoja alitakiwa kulipa ada ya mwaka kabla ya kuruhusiwa kuingia kununua. Kwa wakati huo lilikuwa jambo la ajabu kumtoza mtu fedha ili apate ruhusa ya kutumia fedha zake.

Mmoja wa vijana waliofunzwa biashara na Price, Jim Sinegal, alishirikiana na mwanasheria Jeffrey Brotman kufungua Costco mjini Seattle mwaka 1983. Mwaka huohuo Sam Walton, mwasisi wa Walmart, alifungua Sam's Club. Costco na Price Club ziliungana mwaka 1993, na miaka miwili baadaye ikazaliwa chapa ya Kirkland Signature, iliyopewa jina la mji wa Kirkland, jimboni Washington, yalikokuwa makao makuu ya kampuni.

Anayeingia katika ghala hilo haoni madoido. Sakafu ni ya saruji, taa ni za kiwandani, na bidhaa zimeachwa juu ya chaga zilezile za mbao zilizotoka nazo kwenye lori. Hakuna mfanyakazi anayepanga kopo moja moja rafuni, na mifuko ya kubebea haitolewi. Kwa miaka mingi kampuni imekubali aina moja tu ya kadi ya mkopo nchini Marekani, Visa tangu mwaka 2016, ili kupunguza makato ya benki.

Lililo kubwa zaidi, hata hivyo, ni uchache wa bidhaa. Duka kubwa la kawaida la Marekani huweka aina 30,000 au zaidi. Ghala la Costco huweka takriban 4,000. Mteja akitaka siki hachagui kati ya chupa kumi; ipo moja au mbili, tena za ujazo wa kutosha mwaka mzima. Lakini kwa kuwa mauzo yote ya siki yamekusanywa kwa mtengenezaji mmoja, mnunuzi wa kampuni anapokaa naye mezani huwa na sauti ambayo muuzaji mwingine hana.

Baada ya hapo ipo kanuni ambayo kampuni imejiwekea tangu enzi za Sinegal: bidhaa yenye chapa ya mtengenezaji haiongezewi zaidi ya asilimia 14 juu ya gharama yake, na ile ya Kirkland asilimia 15. Katika biashara ya rejareja, ambako nyongeza ya asilimia 25 na zaidi si jambo la kushangaza, hicho ni kiwango kidogo.

Sasa zitazamwe hesabu zenyewe. Katika mwaka wa fedha uliomalizika Septemba 1, 2024, Costco iliuza bidhaa za karibu dola bilioni 250. Faida yake ya uendeshaji ilikuwa takriban dola bilioni 9.3, na katika kipindi hicho ada za uanachama ziliingiza dola bilioni 4.8. Ukiziondoa ada hizo, kinachobaki kama faida ya kuuza vitu ni chini ya senti 2 kwa kila dola moja ya mauzo.

Kwa maneno mengine, Costco si muuzaji wa kuku wala wa wiski kwa maana iliyozoeleka. Huuza kadi. Kuku na wiski ni sababu ya mtu kuilipia kadi hiyo tena mwaka unaofuata, na zaidi ya asilimia 90 ya wanachama wa Marekani na Kanada hufanya hivyo.

Ndiyo maana kupanda kwa ada Septemba 1, 2024, kutoka dola 60 hadi 65 kwa kadi ya kawaida na kutoka 120 hadi 130 kwa kadi ya daraja la juu, kulikuwa na uzito kuliko kupanda kwa bei ya bidhaa yoyote. Na ndiyo maana mwaka huohuo kampuni ilianza kuweka mitambo ya kukagua kadi milangoni, ili jirani asiingie kwa kadi ya jirani.

Mteja naye anapaswa kupiga hesabu zake. Ikiwa ununuzi wake ndani ya ghala humwokolea asilimia 10 ukilinganisha na duka la mtaani kwake, itambidi anunue vitu vya dola 650 kwa mwaka ili arudishe ada tu. Familia ya watu sita hufikisha kiasi hicho kabla ya miezi michache kupita. Mtu anayeishi peke yake na jokofu dogo anaweza kumaliza mwaka akiwa amelipia heshima ya kuwa na kadi.

Vitu vinavyolipa ni vile visivyooza upesi na vinavyotumika kila siku: mchele wa magunia, mafuta ya kula, unga, maharage, karanga na korosho, samaki wa kopo, jibini gumu. Jibini ya Parmigiano Reggiano yenye chapa ya Kirkland, iliyokaa miezi 24, ni ileile inayolindwa na sheria za Italia. Jina la ghala lililobandikwa juu yake halibadilishi mahali ilikotengenezwa. Nyama nayo hulipa, kwa sharti kwamba mnunuzi ana friza na kisu. Familia nyingi za Waafrika Mashariki waishio Marekani na Kanada zimelijua hilo siku nyingi: ununuzi wa mwezi hufanywa kwa gari moja, mzigo hugawanywa kati ya nyumba mbili au tatu, na gharama huchangwa.

Visivyolipa ni mboga za majani, matunda laini, na viungo ambavyo harufu yake itakwisha kabla kopo halijafika nusu. Mfuko wa mchicha unaouzwa nusu ya bei kisha robo tatu yake ikatupwa jalalani haukuwa wa bei nafuu. Hapo ndipo wengi hujidanganya, kwa kuwa risiti huonyesha kilichookolewa, wala haionyeshi kilichooza.

Kuku wa dola 4.99 anastahili kutazamwa peke yake. Huwekwa mwisho kabisa wa ghala, ili anayemfuata apite kwanza kwenye televisheni, mashuka na matairi. Mwaka 2015 aliyekuwa mkuu wa fedha wa kampuni, Richard Galanti, aliwaeleza wawekezaji kwamba Costco iko tayari kupoteza dola milioni 30 hadi 40 kwa mwaka ili bei ya kuku huyo isipande.

Lakini kampuni haikuishia kuvumilia hasara. Mwaka 2019 ilifungua kiwanda chake cha kuku mjini Fremont, jimboni Nebraska, chenye uwezo wa kuchinja takriban kuku milioni 2 kwa wiki, kwa uwekezaji wa mamia ya mamilioni ya dola. Wakulima wa maeneo ya jirani waliingia mikataba ya kufuga: vifaranga na chakula ni vya kampuni, mabanda na mkopo wa kuyajenga ni vya mkulima. Watetezi wa mazingira na baadhi ya wakulima wamehoji mgawanyo huo, wakisema hatari kubwa imewekwa begani kwa asiye na nguvu ya kupanga bei. Hoja yao ina mantiki. Bei ya kuku ikiwa imefungwa miaka 15, gharama inayopanda lazima ipate pa kukaa.

Ikumbukwe, kwa upande mwingine, kwamba si kila mzigo umeangushiwa wanyonge. Mishahara ya Costco kwa muda mrefu imekuwa juu ya ile ya washindani wake, na mwaka 2025 kiwango cha kuanzia nchini Marekani kilifika dola 20 kwa saa. Sinegal aliwahi kulaumiwa na wachambuzi wa soko la hisa kwa kuwalipa wafanyakazi vizuri kupita kiasi. Hakubadili msimamo.

Sasa wiski.

Katika kinywaji hiki, mnunuzi hulipia vitu vitatu: kilichomo ndani ya chupa, kodi, na jina. Ghala haliwezi kugusa kodi, na kilichomo kina gharama yake. Linachoweza kukifuta ni jina, pamoja na mabango, wadhamini wa michezo na boksi la kifahari vinavyoambatana nalo.

Sheria husaidia hapa kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mujibu wa kanuni za Uingereza za mwaka 2009, hakuna kinywaji kinachoruhusiwa kuitwa wiski ya Scotland kama hakikutengenezwa huko, kikakaa si chini ya miaka mitatu katika mapipa ya mwaloni, na kufungwa kikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Umri ukiandikwa kwenye lebo, ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo humo, hata kama tone lake ni moja. Na ile ya kimea cha shayiri kutoka kiwanda kimoja, tangu Novemba 2012 ni lazima ifungwe kwenye chupa hukohuko Scotland.

Kwa hiyo chupa ya Kirkland iliyoandikwa miaka 12 haiwezi kuwa na ya miaka 11, hata iuzwe kwa bei gani. Kisichoandikwa mara nyingi ni kiwanda ilikotoka. Wauzaji wa Scotland wenye mapipa ya ziada huyauza kwa sharti kwamba jina lao lisitajwe, kwa kuwa hawataki mteja ajue kuwa kinywaji chao kinapatikana pia kwa bei ya chini.

Kutoka kwenye ukimya huo huzaliwa uvumi. Kwa miaka mingi wateja wameapa kwamba vodka ya Kifaransa ya Kirkland ni Grey Goose iliyobadilishwa chupa. Grey Goose wenyewe wamekanusha. Mnunuzi mwenye busara hafuati uvumi wa namna hiyo. Husoma umri, kiwango cha kilevi, na aina ya wiski, kisha hugawanya bei kwa lita.

Kwa wiski za Marekani mambo yamekuwa wazi zaidi. Tangu mwaka 2021 bourbon za Kirkland zimekuwa zikitolewa kwa kutaja waziwazi kiwanda cha Barton 1792 cha Bardstown, Kentucky. Mojawapo hubeba maneno ya kisheria yanayotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1897, ambayo hudai wiski iwe ya kiwanda kimoja na msimu mmoja, ikae angalau miaka minne katika ghala linalosimamiwa na serikali, na ifungwe ikiwa na kilevi cha asilimia 50. Sheria hiyo ilitungwa kuwadhibiti wafanyabiashara waliokuwa wakichanganya pombe na rangi na kemikali. Leo humsaidia mnunuzi wa chupa ya bei ndogo kujua kwamba hajauziwa maji.

Ajabu ni kwamba jimbo ambako Costco ilizaliwa ndilo mahali ambapo unafuu wa wiski ni mgumu kuuona. Hadi mwaka 2012 pombe kali jimboni Washington iliuzwa katika maduka ya serikali. Novemba 2011 wapiga kura waliidhinisha pendekezo la kuuvunja uhodhi huo, baada ya Costco kutumia zaidi ya dola milioni 20 katika kampeni. Maduka binafsi yalianza kuuza Juni 1, 2012.

Wananchi wengi walitarajia bei zianguke. Haikuwa hivyo. Ili hazina ya jimbo isipoteze mapato, sheria hiyohiyo iliweka tozo ya asilimia 17 kwa muuzaji wa rejareja, na nyingine kwa msambazaji. Kodi za zamani ziliachwa palepale: asilimia 20.5 ya bei, na dola 3.77 kwa kila lita. Chupa ya lita 1.75 iliyobandikwa bei ya dola 20, inapofika kwa mtunza fedha, huongezewa dola 4.10 za kodi ya kwanza na dola 6.60 za kodi ya pili. Mnunuzi huondoka akiwa amelipa dola 30.70.

Tena sheria ilitaka duka linalouza pombe kali liwe na ukubwa wa futi za mraba 10,000 au zaidi, isipokuwa katika mazingira machache. Kwa ghala kama Costco hilo si sharti, ni zawadi. Aliyefaidika na kura hiyo kwa hakika ni mwenye eneo kubwa na uwezo wa kununua kwa wingi, na mnywaji wa kawaida alibaki akivuka mpaka kwenda majimbo jirani ya Oregon na Idaho kununua chupa.

Ushuru wa forodha nao umeingia humo kwa zamu. Kuanzia Oktoba 2019 hadi Machi 2021, wiski ya kimea ya Scotland ilitozwa asilimia 25 ikiingia Marekani, kutokana na mgogoro wa ruzuku za ndege baina ya Marekani na Ulaya. Aprili 2025 bidhaa za Uingereza, wiski ikiwamo, ziliwekewa asilimia 10. Muuzaji ambaye nyongeza yake haizidi asilimia 15 hana pa kuuficha mzigo kama huo, na hapo ndipo kesi ya New York inapoeleweka.

Je, biashara ya namna hii inamfaa nani? Nchini Uingereza, Costco ilipotaka kufungua ghala lake la kwanza huko Thurrock mwaka 1993, makampuni matatu ya maduka makubwa, Sainsbury's, Tesco na Safeway, yalikwenda Mahakama Kuu kulizuia. Yalishindwa. Hata hivyo, uanachama huko umeendelea kuwa na masharti: mwombaji binafsi hutakiwa kuwa katika kazi au taaluma zilizoorodheshwa.

Sharti kubwa zaidi halijaandikwa popote. Anayenunua mchele wa miezi mitatu kwa siku moja lazima awe na fedha za miezi mitatu siku hiyo, gari la kuubebea, na mahali pa kuuweka. Maskini, hata wa Marekani, hununua kidogo kidogo kwenye duka la kona, na kwa kila kilo hulipa zaidi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kufafanuliwa hilo. Mafuta ya kupimiwa, sukari ya robo kilo kwa Mangi, unga wa gorogoro, vyote huishia kuwa ghali kuliko gunia au dumu la Kariakoo au Nyamakima, ila mwenye shilingi za leo hawezi kungoja apate za gunia. Kenya huita hali hiyo uchumi wa kadogo. Pombe kali nayo ilifuata njia hiyohiyo kwa viroba, pakiti ndogo za plastiki ambazo Tanzania ilizipiga marufuku Machi 1, 2017. Mmarekani anauziwa lita 1.75 ili alipe kidogo kwa kila lita. Mnywaji wa kiroba aliuziwa tone ili aweze kulipa.

Costco haina ghala hata moja barani Afrika. Mfano wa karibu zaidi wa nchi zenye kipato cha kati uko Amerika ya Kati na Karibi, ambako PriceSmart, kampuni iliyotokana na familia ya Price, ilianza Panama mwaka 1996 na sasa ina maghala zaidi ya 50 yanayotoza ada ya uanachama. Wateja wake wengi ni wenye maduka madogo, migahawa na familia za tabaka la kati, yaani watu walewale wanaojaza Kariakoo siku ya Jumamosi.

Afrika Mashariki, kinyume chake, imeshuhudia wakubwa wakiondoka. Mwaka 2021 Massmart ya Afrika Kusini, ambayo mwenye hisa nyingi alikuwa Walmart, ilitangaza kuachana na maduka yake ya Game nchini Kenya, Uganda na Tanzania. Maduka hayo yalikuwa na rafu ndefu na bidhaa nyingi za kutoka nje, lakini hayakuwa na kadi ya ada wala bei ya jumla, na mwenye duka la Manzese au Kawangware hakuwa na sababu ya kuyapitia akiwa njiani kwenda sokoni.